Kompyuta ya Bi Sijaona

Asubuhi mtu nisiyemjua alibisha hodi, ameshika kompyuta mpakato kuukuu.

“Nasikia unatafuta ya bei nafuu, inayokubali Linux.”

Nilikuwa nimetafuta miaka miwili. Kwa sheria, kompyuta mpya hazifungui faili za mtu aliyekufa. Za zamani tu, zikiwekewa mfumo wa bure wa Linux, ndizo hufungua. Mimi nilikuwa na diski yenye sauti ya baba. Jirani yangu, Bi Sijaona, alikuwa na ya bintiye, na nilimwahidi kwamba kompyuta ya kwanza nitakayopata itakuwa yake.

“Unayo nyingine?”

“Hii ndiyo ya mwisho, dada.”

Niliinunua, nikaiwekea Linux, nikampelekea. Nilimkuta akifunga mizigo. Jioni ile alikuwa anahamia Newala kwa kaka yake.

“Anza na ya baba yako, mwanangu.”

Diski ya baba ilikuwa mfukoni mwangu.

“Nikiisikia, sitakupa tena kompyuta hii.”

Nikachomeka diski ya bintiye. Binti akacheka, kisha akaita, “Mama?”

“Bee, mwanangu,” Bi Sijaona akaitikia.

Nikakunja waya wa chaji, nikautia kwenye begi lake.