Kiti Kilichombana Makungu

Makungu alikuwa mrefu wa kuinamia milango, na unene wake ulikuwa umeshavunja viti viwili vya kuchezea michezo ya kompyuta. Siku hiyo aliingia dukani kutafuta kilicho imara, akajaribu kiti chekundu. Alipotaka kusimama, mikono ya kiti ilimbana nyonga, akainuka nacho.

"Tulia, kaka, usilazimishe," alisema Zuhena, muuzaji, akimketisha tena na kuchukua spana.

Wateja walisogea. Mmoja akatoa simu.

"Fanya haraka, dada, nakuomba," Makungu alinong'ona.

Zuhena aliacha kufungua nati. Sauti ile aliijua. Kila jioni ilimwongoza mchezoni kupitia hedifoni, na kila alipoomba picha, mwenye sauti alibadilisha mazungumzo.

"Swala?" aliuliza, akimwita kwa jina la mchezoni. "Mimi ndiye Kipanga."

Makungu alifumba macho. Angekana, lakini angekimbilia wapi na kiti kimemng'ang'ania?

"Ndiye mimi," alisema.

Zuhena alimalizia nati, na mkono mmoja wa kiti ukaanguka sakafuni. Akasimama mbele ya Makungu, akamkinga asipigwe picha na yule mwenye simu. Upande mmoja ulikuwa wazi sasa; angeweza kutoka na kwenda zake. Makungu alibaki ameketi, ameshikilia mkono wa kiti uliobaki.