Mkono wa Gharib

Tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, dukani kwa Gharib pale Somanda hakukosekani kitu kigeni. Safari hii nilikuta vichwa viwili vya stendi ya kamera: kimoja cha kukaza kwa skrubu, kingine kipya chenye kibanio.

"Hiki unapachika tu, kinashika chenyewe," Gharib alisema, akiinua kile chenye kibanio.

Nilitaka kuona. Nikampa kamera ya marehemu baba, ile kubwa ya mbao, nzito kama nusu debe la mahindi. Akaipachika. Kibanio kikalia ta. Akaiinamisha mpaka lenzi ikatazama sakafu ya saruji.

"Umeona, dada? Imeshika."

Niliona. Niliona pia kiganja chake cha kushoto, wazi, chini ya lenzi.

"Toa mkono, kaka Gharib."

Aliutazama kama ni wa mtu mwingine, wala hakuutoa.