Toleo Jipya

Mwanakombo alipoweka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya benki ya damu, programu ya zamani iliyoonyesha kila mfuko uko jokofu lipi iligoma kufunguka. Hakuwa ameitengea mazingira yake, yaani nafasi ya pembeni inayobaki na toleo la zamani.

"Mwanangu, mzazi anatokwa damu nyingi mno," nesi Staha alimhimiza. "Nataka O hasi."

"Nivumilie, sista."

Mwanakombo alitengeneza mazingira ya pembeni, akaanza kupakua humo toleo la zamani. Mtandao ulisuasua. Kutoka leba ilisikika sauti ya mwanamume akiita jina la mkewe.

Mwanakombo aliiacha kompyuta, akapiga magoti mbele ya jokofu la kwanza, akaanza kusoma lebo kwa sauti.