Nguchiro Afyekesha Kichaka Chake

Paliondokea Nguchiro, mwizi wa kuku aliyependa sifa kuliko uhai. Nyumba yake ilizingirwa na kichaka, na majirani wakamcheka: "Mzee, unaishi porini kama nyoka?"

Maneno yakamchoma. Akafuga mbuzi wawili, akawavisha kengele shingoni. Wenzake hufunga mbuzi kamba. Yeye akaona kamba ni ushamba.

"Kuleni, wanangu," akawaambia. "Lisibaki jani!"

Mbuzi wakala majani, wakala miba, wakamalizia magome. Nguchiro kifua mbele, akawaalika majirani waje waone ua wa mstaarabu. Wakaja, Mbwa akiwa mmoja wao.

Bi Tetea, kuku jirani, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama ghafla mbele ya lundo la manyoya.

"Mzee Nguchiro, haya si manyoya ya shangazi yangu?"

Nguchiro akawafokea mbuzi: "Huku nyuma nani aliwatuma?"

"Ni wewe, baba," wakajibu wakitafuna. "Ulisema lisibaki jani."

Mbwa akanguruma. Nguchiro akatimua mbio kutafuta kichaka cha kujificha.

Kichaka kilikuwa tumboni mwa mbuzi.