Ombi la Kwanza

Jogoo wa mama lishe alifika ukingoni mwa duara, shimo la wachimba dhahabu, akasimama, kisha akageuka. Siku zote hudonoa makombo palepale, kwenye mdomo wa shimo.

Enock ndiyo kwanza alikuwa amemaliza sala ya asubuhi aliyofundishwa na babu yake, Myahudi wa Arusha. Huanza kwa kumhimidi aliyempa jogoo ufahamu wa kupambanua mchana na usiku. Likija ombi la kwanza, si la mkate wala dhahabu, bali la maarifa, ufahamu na busara. Hekima unapewa na waliokutangulia, babu alizoea kusema, lakini ufahamu ni kulitoa jambo ndani ya jambo jingine.

Akachuchumaa pale jogoo alipogeukia. Ufa ambao jana ulikuwa mwembamba kama uzi, leo ulimeza kidole chake mpaka kiungo cha pili. Udongo wa ndani ulikuwa wa baridi, na ulitetemeka kwa kila pigo la nyundo kutoka chini.

Wenzake watatu walikuwa huko wakichimba, mita arobaini chini.

"Waite watoke," alimwambia msimamizi wa duara aliyesimama kando.

Msimamizi aliutazama ule ufa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ng'wanawane, mwanangu, sauti haifiki kule," alisema taratibu. "Mpaka mtu ashuke."

Nyundo ziliendelea kugonga. Enock akatamani miaka yote ile angekuwa ameomba mkate tu.

Akachomoa kidole kwenye ufa, akaishika kamba.