Jina la Juu Kabisa

Kompyuta ilikuwa imeshatoka Rusinga. Kioo chake kilikuwa kichwani mwa Mama Priscah, kimefungwa leso kama mgonjwa. Sanduku lilikuwa kwenye baiskeli ya Mwalimu Kerosi, naye anaisukuma, Priscah nyuma yake. Mbita wangepata gari la Homa Bay.

"Pole pole, Mama Priscah. Hiyo ikianguka, na mimi nimeanguka."

"Haianguki, Mwalimu. Nimeizoea."

Mradi uliogawa zile mashine ulitaka kuona kwa macho. Mwanafunzi mmoja acheze mchezo wa hesabu uliokuwa ndani yake mbele ya Bwana Omanga, afisa wa mradi, afike ngazi ya kumi, la sivyo mashine iende shule nyingine. Kerosi hakuhangaika kuchagua. Darasani Priscah alikuwa wa kusinzia, lakini kila asubuhi mashine ikiwashwa, kwenye orodha ya alama jina lake liko juu ya wote. Bila shaka alicheza jioni, mamake akifagia shule. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta Kerosi mwenyewe alikuwa amebandika karatasi: WANAFUNZI TU.

Njia nzima msichana alisema neno moja. "Mwalimu, mimi siwezi."

"Unyenyekevu uweke hadi Sabato. Leo ni Jumatano."

Homa Bay, ofisini kwa Omanga, hesabu zikaanza kushuka kwenye kioo. Saba mara nane. Priscah akatazama vidole vyake. Hesabu ikafika chini, ikafuata nyingine, na nyingine. Hata ngazi ya pili hakuimaliza. Pale mlangoni midomo ya mamake ilikuwa inaenda mbio. Kerosi akajua anaomba, naye akaomba kimoyomoyo.

"Ameingiwa na hofu tu," alimwambia Omanga. "Mpe tena, mkubwa. Watoto hamsini na wawili wanangoja hii kitu."

Akapewa tena, ikawa mbaya zaidi. Mara ya tatu mtoto alilia, machozi yakadondokea vibonye.

"Mwalimu," Mama Priscah akasema, "kama mtu mwingine angejaribu..."

"Mama, ngoja nje. Hapa tunaongea mambo ya kompyuta."

Akatoka na leso yake.

Omanga alifunga faili. "Uliandika huyu ndiye namba moja. Sasa mimi nikaseme nini?"

Kerosi, mtu mzima na tai yake, alipiga magoti pale sakafuni. Haikusaidia.

Mashine ilipelekwa shule moja ya Kendu Bay. Huko walifuta majina yote, wakaanza upya. Kerosi alifukuzwa kazi kwa kuandika ripoti ya uongo, akarudi kwao kulima. Omanga alipandishwa cheo. Priscah aliacha shule, akapelekwa mbali, Ntimaru, kwa mamake mdogo, akauza vitunguu sokoni. Mamake alihamia Kendu Bay, akaomba kazi ya kufagia shule ile, akapewa.

Wiki ya pili, mwalimu wa huko alipowasha mashine asubuhi, jina la juu kabisa lilikuwa Priscah.