Mkeka Mweupe

Foibe wa mradi wa kuuza mikeka alifika asubuhi na habari njema. Wateja wa ng'ambo walikuwa wameupenda ule mkeka mweupe, usiotiwa rangi hata kidogo, na sasa walitaka mingi.

"Rangi acheni kabisa, mama zangu. Mweupe ndio unaotoka siku hizi."

Bi Mwanasha aliacha kusuka. "Nani aliwapelekea mkeka mweupe?"

Rukia, bintiye, akainamia ukili aliokuwa akiusuka. Katika mji ule mkeka mweupe husukiwa maiti tu, na mama yake alikuwa na mmoja juu ya kabati, amejiwekea kwa siku yake. Tangu juzi haukuwepo.

"Mkeka mweupe huku kwetu ni wa..." Bi Mwanasha alianza.

"Ni wa heshima," Rukia alimkatiza. "Ni wa heshima sana, dada."

"Basi nitaandika hivyo kwenye lebo!" Foibe alifurahi, akawaonyesha picha kwenye simu. Kitoto kichanga kilikuwa kimelala chali juu ya mkeka ule, mikono imenyooka ubavuni.

Midomo ya Bi Mwanasha ilicheza bila sauti.

"Anasemaje?" Foibe aliuliza.

"Anamwombea mtoto."

"Jamani, ahsante, mama. Na midogo pia wanaitaka, ya watoto. Mtaiweza?"

Rukia alimtazama mama yake. Bi Mwanasha alinyoosha mkono juu ya ukili, akapima taratibu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama alivyowahi kumpimia mdogo wa Rukia, aliyezikwa mchanga.